Gari la umeme, safari ndefu na barabara za vijijini: miaka mitatu yangu barabarani

#1 Tairi la Akiba

Wakuu, salamu kwenu.

Kila uzi wa magari ya umeme humu ndani mwisho wake ni mmoja. Wa kwanza anasema mjini sawa, lakini safari ndefu na kijijini utalala njiani. Wa pili anamwaga takwimu za kiwanda, kilometa 550 kwa chaji moja. Wa tatu anatukana, uzi unafungwa.

Mimi nasukuma gari la umeme mwaka wa tatu huu, betri ya yuniti 60 (nitasema yuniti, kilowati-saa inachosha kuandika). Mara mbili kwa mwezi naenda kwa bi mkubwa, kilometa 140 kwenda, na 38 za mwisho hazijui lami. Mara tatu nne kwa mwaka napiga safari ya kilometa 600 na ushee. Nilichokutana nacho sicho nilichotegemea, ndiyo maana nimefungua uzi.

Kwanza, tunaziweka safari ndefu na kijijini kapu moja wakati hazifanani hata kidogo. Kijijini gari linalala uani. Lina saa kumi za kunywa umeme taratibu bila foleni wala mtu wa kukuambia usogeze. Soketi ya kawaida ya ukutani ya volti 230, ukiivuta ampea 10, inatoa kilowati 2.3. Saa kumi ni yuniti 23, nyingine zinapotelea njiani kama joto, betrini zinaingia kama 20. Gari langu linakula yuniti 17 kwa kilometa 100. Piga hesabu: kila asubuhi una kilometa 115 hivi mpya. Nani humu anayeishi kijijini anatembea kilometa 115 kila siku ya Mungu? Mwenye shida ya kweli ya chaji ni yule wa ghorofa ya tano mjini anayeegesha barabarani.

Na ile barabara ya vumbi niliyoiogopa? Kule ndiko gari linakokula kidogo. Naenda 40, naenda 50, mashimo hayaruhusu zaidi, na kwa mwendo huo hewa haina ubishi na gari. Ukinzani wa hewa unapanda kwa mraba wa mwendo. Ukitoka 90 kwenda 120 umeongeza mwendo kwa theluthi, ila hewa inakusukuma nyuma karibu mara 1.8. Ndiyo maana barabara kuu iliyonyooka na nzuri, ile tunayoita tamu, ndiyo inayomaliza betri.

Sasa safari ndefu. Kwa 90 nakula kama yuniti 16 kwa kilometa 100, kwa 120 nakula 22. Kwenye karatasi, kwa 120 nina kilometa 270. Lakini huwezi kuzitumia zote. Chini ya asilimia 10 hutaki kushuka, na juu ya asilimia 80 chaja ya kasi inageuka konokono, kwa hiyo unaondoka kituoni na 80. Una asilimia 70 za kuchezea, sawa na kilometa 190 kati ya kituo na kituo. Hiyo 190 hakuna muuzaji aliyewahi kunitajia.

Nimalizie na lililonikuta. Nilifika kituo cha katikati ya safari saa mbili usiku nikiwa na asilimia 9. Chaja ni moja tu, kioo chake cheusi tii. Nikachomeka, kimya. Nikachomoa, nikafuta plagi kwa shati, nikachomeka tena. Mlinzi akaja taratibu na tochi yake, akaniangalia akaniambia, "Hiyo imekufa tangu juzi, kaka." Programu ya simu ilikuwa inaonyesha kijani, kwamba chaja iko huru. Na kweli ilikuwa huru, haikuwa na mtu.

Kituo kilichofuata kilikuwa kilometa 85 mbele. Kwa asilimia 9 nisingefika hata nusu yake. Nikalala gesti ya jirani, mwenyewe muungwana, akaniruhusu nipitishe waya dirishani. Saa tatu usiku hadi saa mbili asubuhi: nikaamka na asilimia 46.

Tangu siku ile sihesabu umbali wa kufika kituoni. Nahesabu umbali wa kufika kituo kinachofuata iwapo hiki nimekikuta kimekufa. Gari lenyewe halijawahi kuniangusha njiani hata mara moja.

Karibuni.

#2 Mzee wa Dizeli

Mleta mada nakuheshimu, ila umejimaliza mwenyewe. Mtu mzima umelala gesti, waya dirishani, kwa sababu kioo cha chaja kilikuwa cheusi. Mimi najaza dakika tano, natembea kilometa 900, na nyuma kuna dumu la lita 20. Dumu la umeme linauzwa wapi?

#3 Kiberiti

"Kweli ilikuwa huru, haikuwa na mtu" 😂😂 mkuu nimecheka hadi jirani kagonga ukuta.

#4 Fundi Waya

Mzee wa Dizeli kwenye dumu yuko sahihi na tusimbishie kwa ushabiki. Lita moja ya petroli ina nishati ya kama yuniti 9, dizeli karibu 10. Dumu lake la lita 20 lina yuniti 200, zaidi ya mara tatu ya betri nzima ya mleta mada, na analibeba kwa mkono mmoja. Betri ya yuniti 60 ina uzito wa kilo mia tatu na zaidi. Betri za leo haziwezi kulingana na dumu kwa uzito.

Ila injini inazigeuza kuwa mwendo robo yake, ikijitahidi sana theluthi na kitu. Zilizobaki zinatoka kwenye rejeta na ekzosi kama joto. Mota ya umeme inapeleka kwenye magurudumu sehemu kubwa kabisa ya kilichomo betrini. Ndiyo maana yuniti 60 zinatembea kilometa mia tatu na kitu, wakati kwa hesabu ya mafuta hizo ni lita sita na nusu tu.

Nilitaka kusema jambo lingine lakini. Mleta mada kasema soketi ya ukutani kama mchezo. Mimi ndiye ninayeitwa soketi zikishaungua. Ampea 10 kwa saa kumi si sawa na pasi ya dakika kumi na tano. Soketi iliyolegea inashika joto mahali pamoja usiku kucha, plastiki inaanza kuwa ya kahawia, inalainika, na asubuhi plagi haichomoki. Ukichaji ugenini, baada ya nusu saa nenda ukaguse plagi kwa kiganja. Vuguvugu, sawa. Ikikufanya urudishe mkono, shusha ampea ziwe 6 kwenye gari au acha kabisa.

Na ule waya wa kuongezea unaozungushwa kwenye kigurudumu chake: ukunjue WOTE hata kama soketi iko hatua mbili. Ukiuacha umejiviringisha, joto halina pa kutokea, waya unajipika wenyewe. Nimeshauona umegandana kuwa donge moja.

Nyumba nyingi za zamani hazina hata waya wa ethi. Gari litakataa kuchaji na mwenye gari atasema gari bovu. Gari zima, nyumba ndiyo bovu.

#5 Dada wa Milimani

Mimi naishi juu, na juu kweli. Kutoka barabara kuu hadi kwangu ni kilometa 22 na zinapanda mita 900. Nina betri kama ya mleta mada. Kupanda nakula asilimia 14 au 15, kushuka narudishiwa 3. Mwezi wa kwanza nilidhani gari linanidanganya, nikawa naandika kwenye daftari kila nikishuka.

Nawaonya wenzangu wa milimani. Mwanzoni nilikuwa najaza hadi 100 kila usiku, naona raha asubuhi mshale umejaa. Siku ya kwanza nashuka, kona ya kwanza naachia kanyagio nikitegemea gari lipunguze kama lilivyozoea. Halikupunguza. Betri imejaa, umeme wa kushuka hauna pa kwenda, gari linateleza tu kama mkokoteni. Breki za kawaida zipo na zilishika, lakini moyo ulinipasuka, na nilipofika chini harufu ya breki ilikuwa imejaa ndani. Sasa nimeweka mwisho asilimia 85.

#6 Fundi Waya

Dada, daftari lako lina akili. Kuinua tani mbili mita 900 kunakula karibu yuniti 5 hata kama barabara ingekuwa ya kioo. Ongeza mwendo wa kawaida wa hizo kilometa 22 na upotevu kidogo, inakuja 8 na kitu, ambayo kwa betri ya 60 ni hizo 14 zako. Ukishuka, zile 5 zinatumika kwanza kulisukuma gari njia nzima bila kugusa betri, zinazobaki ndizo zinazorudi. Gari la petroli likishuka hakuna tone linalorudi kwenye tangi.

#7 Kiberiti

Kwa hiyo nikihamia mlimani nikawa nashuka tu bila kupanda natajirika?

#8 Dada wa Milimani

Utapanda kwa miguu, mwanangu.

#9 Mzee wa Dizeli

Nyumba zenu, milima yenu, sawa. Mimi navuta tela. Shehena ya mazao, wakati mwingine ng'ombe wawili. Nielezeni hiyo.

#10 Tairi la Akiba

Mzee wangu hapo sina la kukudanganya. Nimewahi kuvuta tela moja la kuazima, lile la bodi iliyosimama wima kama kabati, kwa 90. Ulaji ulikwenda yuniti 30 kwa kilometa 100, karibu mara mbili. Uzito si tatizo kubwa kwenye tambarare, tatizo ni ule ukuta unaoukokota kwenye hewa. Zile kilometa zangu kati ya kituo na kituo zikabaki 140.

Na kuna aibu ambayo huambiwi. Vituo vingi vimechorwa kwa gari kuingia kwa pua na kutoka kinyumenyume. Na tela utaingiaje? Nililifungua nikaliacha pembeni, nikachaji, nikarudi kulifunga. Dakika kumi na tano za jasho, na jicho moja kwenye mzigo muda wote. Kwa kazi yako ya mbali, baki na dizeli. Kwa kuvuta tela kutoka shambani hadi sokoni kilometa 30 na kurudi nyumbani, gari la umeme lina nguvu ya kuanzia ambayo dizeli yako itaionea wivu.

#11 Pancha Mbili

Naona mnaongelea chaji tu. Kwenye barabara ya vijijini gari haliuliwi na chaji. Muulizeni mtu kama gari lake lina tairi la akiba. Mleta mada jina lako linanipa matumaini 😄

Magari mengi ya umeme yanakuja na chupa ya gundi na kipampu kidogo, tairi la akiba hakuna, nafasi imechukuliwa na betri au wameondoa kupunguza uzito. Gundi inaziba tundu la msumari. Jiwe lenye makali likichana ubavu wa tairi, ile gundi utaipaka nywele. Halafu gari ni zito, mara nyingi kilo mia mbili tatu juu ya ndugu yake wa petroli, tairi linaumia zaidi. Mimi nilinunua ringi na tairi la tano nikaliweka buti, limekula nusu ya buti, na limeshanitoa mara mbili.

La pili, tumbo. Betri iko chini sakafuni, imekingwa na bamba, lakini kimo kutoka ardhini cha magari mengi ni cha mjini. Kwenye ile barabara yenye tuta katikati ya mikondo miwili ya magurudumu, hupandi mikondo, unapandisha gurudumu moja juu ya tuta. Ukisikia jiwe limegonga chini, simama uinamie uangalie. Bamba likibonyea ndani kuelekea betri usijifanye hukuona, mpelekee fundi anayeijua kazi ya umeme mkubwa. Zile nyaya za rangi ya chungwa hazichezewi na fundi wa spana kumi. Humo kuna volti 400, magari mengine 800.

La tatu, kukwama na kuharibika. Kutolewa kwenye tope kwa kamba hatua chache, kwenye ndoano ya gari, hakuna neno. Ila kuvutwa kilometa 20 magurudumu yakizunguka, hapana. Mota inazungushwa na magurudumu, inazalisha umeme wakati hakuna anayeusimamia, unaweza kuunguza mfumo mzima. Linapandishwa lote juu ya gari la kubebea. Ukiwa porini jiulize kama gari la kubebea linafika ulipo.

Kuna moja linachekesha. Gari lina betri ya yuniti 60, halafu linakufa kwa sababu ya betri ndogo ya volti 12, ile ile ya magari ya kawaida. Ndiyo inayoamsha kompyuta na kufunga swichi za betri kubwa. Ikifa, mlango haufunguki, skrini haiwaki, na umekalia umeme wa kulisha nyumba wiki nzima. Beba waya za kubusti au kile kibetri cha mkononi.

#12 Mwana wa Theluji

Sisi tunaokaa kwenye baridi kali tuongezewe sura yetu. Barafu ikikaza, ulaji unapanda robo hadi theluthi, na kwenye vimwendo vifupi zaidi ya hapo, kwa sababu kila ukiwasha unaanza upya kupasha gari na betri. Injini ya mafuta inakupasha kwa yale mabaki aliyoyasema Fundi Waya. Sisi joto tunalinunua.

Kilichonitesa mwaka wa kwanza ni chaja ya kasi kunipa kilowati 30 badala ya 100. Seli za lithiamu zikiwa za baridi hazipokei umeme wa haraka bila kudhurika, kwa hiyo gari linajizuia lenyewe. Dawa yake ni kuiandika chaja kama mwisho wa safari kwenye ramani ya gari, siyo ya simu. Gari likijua linakwenda kuchaji linaanza kupasha betri njiani. Si magari yote yanayo hiyo, ulizeni kabla ya kununua. Betri za LFP (aina ya lithiamu yenye chuma na fosfeti) zinavumilia kujazwa hadi 100 kila siku, lakini kwenye baridi ndizo zinazonuna zaidi.

Pamoja na hayo, Norwei ni baridi, milima, na barabara ndefu zisizo na watu, na mwaka 2024 karibu magari mapya 9 kati ya 10 yaliyosajiliwa kule yalikuwa ya umeme. Vituo wamevijenga hadi huko juu kabisa kaskazini. Fizikia ya baridi ni ile ile.

#13 Jua Kali

Na sisi wa joto tusisahaulike. Yangu ni Nissan Leaf, betri yake haina mfumo wa kupoozwa kwa maji. Chaji ya kasi ya kwanza safarini safi, ya pili inapungua, ya tatu siku hiyo hiyo kwenye jua unaangalia namba hadi unasinzia, maana betri imeshachemka na gari linaminya umeme. Kwa mizunguko ya kijijini sina malalamiko nayo. Kwa kilometa 600 kwa siku moja, hapana. Halafu plagi yake ya kasi ni ya aina ya CHAdeMO, vituo vipya vingi vinafungwa aina nyingine, CCS. Anayenunua gari kuukuu aangalie tundu la kuchajia kabla ya kuangalia rangi.

#14 Kiberiti

Lakini si kuna gari lilitembea zaidi ya kilometa 1,000 bila kuchaji? Nilisoma.

#15 Fundi Waya

Lipo. Mercedes Vision EQXX, mwaka 2022 lilitoka Stuttgart hadi Silverstone, kilometa 1,202, betri haifiki yuniti 100. Siri yake haikuwa betri, ilikuwa umbo: jembamba, la chini, kama tone la maji. Ulaji chini ya yuniti 9 kwa kilometa 100. Ni gari la majaribio, huwezi kulinunua, na ukilipeleka kwenye barabara ya Pancha Mbili litaacha tumbo kwenye tuta la kwanza.

#16 Msoma Magazeti

Nawakumbusha wanaosema "hakuna vituo, subirini vijengwe kwanza". Agosti 1888 Bertha Benz aliondoka Mannheim kwenda Pforzheim, zaidi ya kilometa 100, na wanawe wawili, kwenye gari la mumewe Karl. Hapakuwa na kituo cha mafuta hata kimoja duniani. Mafuta yalipomwishia alinunua ligroini, kitu cha kuondolea madoa, kwenye duka la dawa pale Wiesloch. Bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia. Kila nikisoma habari ya waya dirishani namkumbuka huyu mama.

#17 Mzee wa Dizeli

Huyo mama angepewa gari la umeme angekuwa bado yuko Wiesloch.

Haya, niwaulize la kweli, maana mzaha umetosha. Mimi nina shamba, sola iko juu ya bohari, paneli za kilowati 5, kwa ajili ya pampu. Mke wangu anafundisha, kilometa 18 kwenda, 18 kurudi, kila siku, kwenye vumbi. Gari yake ya petroli imechoka. Dizeli yangu haiguswi na mtu. Naongelea hiyo ya pili.

#18 Fundi Waya

Mzee, hiyo ndiyo kazi ambayo gari la umeme lilizaliwa nayo. Kilometa 36 kwa ulaji wa vumbi ni yuniti 6 kwa siku. Paneli zako za kilowati 5, kwenye siku yenye saa tano za jua zuri, zinatoa 25 kwenye karatasi, sema 20 baada ya upotevu. Ukitoa pampu bado zinabaki.

Kikwazo ni saa. Jua liko mchana na gari mchana liko shuleni. Ama uwe na betri za nyumbani za kulishikilia hadi usiku, ambazo ni gharama nyingine nzito, ama achaji siku za mapumziko. Yuniti 6 kwa siku tano ni 30. Betri ya 60 inamaliza wiki nzima bila kuguswa, Jumamosi na Jumapili inakunywa jua. Kama una umeme wa waya pia, hata hili usilifikirie.

#19 Tairi la Akiba

Naongezea. Angalia magari yanayoweza kutoa umeme nje, kama Hyundai Ioniq 5 na Kia EV6, kilowati 3.6. Pampu yako kama ni ya kilowati 1.5, betri ya yuniti 60 inaiendesha saa ishirini na bado inabaki nusu. Siku za mawingu utanishukuru. Tahadhari, pampu ikianza kuzunguka inavuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake, muulize Fundi Waya kabla hujachomeka.

#20 Mzee wa Dizeli

Na la mkononi? Nisije nikauziwa betri iliyokufa, imepakwa mafuta ya kung'aa.

#21 Jua Kali

Viwanda vingi vinatoa dhamana ya miaka 8 au kilometa 160,000, kwamba betri haitashuka chini ya asilimia 70. Ukikuta la miaka mitano bado una pumzi ya miaka mitatu, mradi dhamana inafuata gari na si mwenye gari wa kwanza. Usiangalie kilometa ambazo skrini inakuambia zimebaki, hizo zinabadilika kwa jinsi aliyeendesha mwisho alivyokanyaga. Tafuta mwenye kifaa cha kuchomeka chini ya usukani kinachosoma afya ya betri seli kwa seli. Kama seli moja imeachana mbali na wenzake, rudisha ufunguo, uondoke.

Halafu lijaze 100, liendeshe mwenyewe hadi 20 kwenye barabara ya mkeo. Muuzaji akikataa, umeshapata jibu.

#22 Pancha Mbili

Na uulize tairi la akiba.

#23 Dada wa Milimani

Mleta mada, umewahi kupita tena kwenye ile chaja iliyokulaza?

#24 Tairi la Akiba

Nilipita wiki iliyopita. Safari hii nilishusha mwendo hadi 90 mapema, watu wakanipita na honi juu, nikafika pale na asilimia 41. Kioo kinawaka. Nikachomeka, ikaanza na kilowati 48, baada ya dakika kumi ikawa 31 bila sababu niliyoielewa. Mlinzi ni yule yule. Akaniuliza, "Leo hulali?" Nikamwambia leo nakusalimia tu. Nikachomoa kwenye 68, nikaondoka kabla kioo hakijabadili mawazo.

#25 Mzee wa Dizeli

Fundi Waya, angalia PM. Nataka uje uitazame hiyo bohari kabla sijamwambia mama watoto.